Naomba ushauri: tunaanzaje kupinga utaifa wa Kikristo (ile siasa ya kutaka serikali ibebe dini ya Kikristo) kwenye shule za mtaani kwetu? (Fort Worth, Texas)

MamaNeema_FW: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni Mtanzania, Mlutheri, mwanangu yuko darasa la tatu. Sheria ya SB 10 iliyoanza Septemba 2025 inataka kila darasa la shule ya umma Texas libandikwe Amri Kumi, bango lisilopungua inchi 16 kwa 20. Usharikani kwetu wengi wanashangilia. Amri Kumi nazipenda, ila sitaki serikali iwe mwalimu wa dini wa mwanangu, na jirani yangu Msomali mtoto wake anasoma darasa hilohilo. Tuko akina mama wachache, hatujawahi kuandaa lolote. Wawili hawajapata uraia, wanaogopa. Tuanzie wapi?

Pasta_Abilene: Mama Neema, maandamano yasubiri. Anzeni na bodi ya shule. Sheria ya Texas inailazimu bodi imsikilize mwananchi yeyote anayetaka kuzungumzia jambo lililo kwenye ajenda, na ajenda hutolewa siku chache kabla ya mkutano. Jiandikisheni mapema. Muda ni dakika chache tu, kwa hiyo andikeni, msome nyumbani mkiangalia saa. Msidhani ni kazi bure: mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuruhusu machaplaini (wahudumu wa kiroho) shuleni, kila bodi ikatakiwa ipige kura kabla ya 1 Machi 2024. Machaplaini zaidi ya 100 wa Texas waliandika barua kuipinga, na bodi nyingi, hata za miji mikubwa, zikakataa.

Kibonge254: Yaani Mkristo mzima unapinga Neno la Mungu? Afadhali hilo bango kuliko mengine wanayofundishwa hawa watoto. Nchi hii ilijengwa na Wakristo.

Da_Koleta: Kibonge, bango lenyewe umelisoma? Mimi Mkatoliki. Wameweka katazo la sanamu kama amri yake peke yake. Katekisimu yetu haihesabu hivyo, na ya Walutheri wa kina Mama Neema pia haihesabu hivyo. Sasa nani kawapa wabunge wa Texas kazi ya kuamua Amri Kumi ni zipi? Na hao Wakristo waliojenga nchi, wamo Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliomwandikia Rais Jefferson mwaka 1801 wakilalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu umefanywa hisani ya serikali. Wapagani hao?

Kibonge254: La sanamu sikulijua. Ila kwa mengine bado sijashawishika.

Mtu_wa_Pwani (Houston): Dada, kabla hamjapanga chochote nenda kwa huyo Msomali, umuulize yeye anataka nini. Sisi Waislamu tumechoka kuitwa siku ya kupiga picha. Pengine hataki kusimama mbele ya watu, na ana sababu zake. Kanisani nako usitangulize neno “siasa”, watakukimbia. Kuna tamko la Wakristo wenyewe wanaopinga utaifa wa Kikristo, lilianzishwa 2019 na shirika la Kibaptisti, BJC. Lisomeni pamoja baada ya ibada, chai ikiwepo.

Shangazi_Wakimbizi: Kuhusu wasio raia: kusema mkutanoni hakuhitaji uraia. Kura ndiyo hatari. Asiye raia asijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura hata akiletewa mlangoni, maana anaweza kufukuzwa nchini. Mwenye kesi ya hifadhi aongee na wakili wake kwanza, kwa sababu mikutano mingi hurekodiwa. Kazi zipo tele: kupiga simu, kutoa lifti, kubaki na watoto wenzao wakienda.

MamaNeema_FW: Mungu awabariki. Swali moja tu: mmoja wetu Kiingereza kinampiga chenga, lakini kwa Kiswahili hakamatiki. Anaweza kusema?

Pasta_Abilene: Aseme Kiswahili chake, wewe umtafsirie. Sheria inataka anayetumia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa bodi ina vifaa vya kutafsiri papo hapo. Wajulisheni mapema mnapojiandikisha.