Ukoo Wetu, Tanga na Muheza: Matembezi ya Mto Zigi

Shangazi Rehema (saa 1:05 jioni): Asalamu alaikum ndugu zangu. Narudia tangazo langu la juzi, kwa kuwa wengi mmelisoma na kunyamaza. Jumamosi tunakwenda Hifadhi ya Amani kutembea kando ya Mto Zigi, chini msituni, bila kupanda hadi Amani kwenyewe, ambako ni takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hata wenye magoti mabovu hawana kisingizio. Mwenye Kosta anataka malipo ya awali kesho kabla ya saa 6 mchana.

Hamisi (saa 1:31): Shikamoo shangazi. Magoti yangu ni mazima, ila tumbo linauliza pilau litabebwa na nani.

Shangazi Rehema (saa 1:33): Marahaba. Pilau halijadiliwi kabla ya kiingilio. Hifadhi iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumpa mlinzi noti getini. Vilevile tutahitaji mwongozaji. Naomba majina ya wanaokwenda.

Kaka Saidi (saa 2:02): Watoto wakumbushwe kutazama miamba yenye kivuli na unyevu, kwa sababu huko ndiko huota Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, na sasa linafugwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Pia wasipite Zigi bila kuonyeshwa mahali ilipoishia reli ya Wajerumani.

Hamisi (saa 2:04): Mimi nikimtumia baba maua, ataniuliza unga uko wapi.

Mama Tunu (saa 2:05): Na ukituma unga, ataulizia sukari.

Shangazi Rehema (saa 2:09): Jamani, bado sina jina hata moja. Masika yakianza, safari hii tutaizungumza mpaka mwakani.

Baba Mdogo Athumani (saa 2:40): Dada, ningependa kwenda. Lakini kabla sijachanga, naomba kujua fedha zitakaa kwa nani, maana baadhi yetu hatujasahau fedha za machimbo ya dhahabu ya Sakale.

Shangazi Rehema (saa 2:41): Sakale ni mambo ya wakati wa dhahabu, Athumani, na aliyekwenda kuchimba si mimi.

Baba Mdogo Athumani (saa 2:43): Sikumtaja mtu.

Hamisi (saa 2:44): Kama dhahabu bado ipo, mimi nitabeba karai.

Babu (saa 3:12 usiku): Mjukuu amenisomea yote. Machimbo yale yaliutia mto tope, na mto huohuo ndio unaojaza bwawa la Mabayani ambalo Tanga mjini inakunywa maji yake. Yaliyotokea baina yenu wakati ule yamekwisha, na sitaki kuyasikia tena. Fedha atashika Zaina. Watoto wasiingie mtoni bila mtu mzima. Mkiona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, hata kama jua linawaka hapo mlipo, jueni mvua imenyesha juu milimani. Tokeni hapo hapo, wala msingoje kuambiwa.

Baba Mdogo Athumani (saa 3:30): Nimesikia, Baba.

Shangazi Rehema (saa 3:31): Shikamoo Baba. Tumepokea.

Zaina (saa 5:20 asubuhi): Shikamoo Babu, shikamooni nyote. Fedha nitazishika. Tatizo ni kwamba Jumamosi natoka zamu ya usiku saa 2 asubuhi, na shangazi anataka gari liondoke saa 12.

Shangazi Rehema (saa 5:26): Gari halitachelewa, kwa sababu baada ya aliyoyasema Baba nataka tuwe tumetoka mtoni kabla ya mawingu ya alasiri. Utatufuata kwa basi hadi Muheza, au tutatafuta njia nyingine, nitaulizia. Majina sasa ni tisa, pamoja na wawili ambao hawajajibu lakini nawajua.

Baba Mdogo Athumani (saa 5:50): Je, mimi ni mmoja wa hao wawili?

Mama Tunu (saa 6:10 mchana): Mimi niko tayari kuchanga, lakini sioni popote namba ya Zaina ya kutumia fedha.

Shangazi Rehema (saa 6:11): Zaina, weka namba. Mwenye Kosta ananipigia.

Zaina (saa 7:45): Samahanini, nilikuwa nimelala. Laini yangu ya kupokea fedha imefungwa tangu juzi. Nikitoka kuishughulikia nitawaambia.