GWTDOMAIN inaonyesha imeunganishwa, lakini miamala ya kwanza ya asubuhi inakwama

mlinda_seva
Wakuu, naombeni msaada. Kuna vikoa viwili vya Oracle Tuxedo (programu ya kusimamia miamala) juu ya Linux, KIKOA_A na KIKOA_B, vimeunganishwa kwa GWTDOMAIN (lango la mtandao kati ya vikoa) na katikati kuna ukuta wa moto (firewall). CONNECTION_POLICY ni ON_STARTUP (lango linaunganisha mara tu linapowaka) pande zote mbili. Mchana kila kitu kinakwenda vizuri. Usiku hupita saa kadhaa bila ombi lolote, na asubuhi tpcall (maombi ya huduma) za kwanza kwenda B zinarudi na tperrno 13 (TPETIME, yaani muda umekwisha). Hali hiyo hudumu kama robo saa, kisha inapona yenyewe. Muda wote huo `pd -d KIKOA_A` ndani ya dmadmin (zana ya kusimamia vikoa) inasema B imeunganishwa. Ping inapita, telnet kwenda poti ya B inafunguka. Nimeongeza muda kwenye tpbegin (inayoanzisha muamala) kutoka sekunde 30 hadi 90, hakuna nafuu. Nitafute wapi?

nyaya_na_poti
Mkuu, hiyo robo saa ndiyo inayotaja ugonjwa. Ukuta wa moto hufuta kumbukumbu ya muunganisho uliokaa kimya muda mrefu, na mara nyingi haumwambii yeyote. A bado ina soketi ESTABLISHED (inayohesabiwa imeunganishwa), B nayo vilevile, lakini pakiti zikifika katikati zinatupwa. Kernel (kiini) ya Linux inatuma tena na tena bila kupata jibu. Kwa `tcp_retries2` (kikomo cha kurudia kutuma) ya kawaida, yaani 15, inakata tamaa baada ya takribani sekunde 925. Hapo ndipo GWTDOMAIN inapojua kuwa njia imekufa, inafungua soketi mpya na kazi inaendelea.

Telnet imekudanganya kwa sababu inaanzisha muunganisho mpya, na ukuta unauandikia kumbukumbu mpya. Haipimi ile soketi ya jana hata kidogo.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote. Tatizo likiwa linaendelea, endesha kwenye A:

`ss -tno | grep <poti ya B>`

Ukiona `timer:(on,...)` na namba ya mwisho inapanda, huku Send-Q (data iliyotumwa bila kuthibitishwa) si sifuri, basi kernel inarudia kutuma. Washa tcpdump (kinasa pakiti) pande zote mbili kwa wakati mmoja: pakiti zitaonekana zikitoka A na hazitafika B. Zikifika B, basi maelezo yangu hayahusiki na utafute kwenye huduma yenyewe.

kikoa_cha_pili
Naongezea jambo linalowachanganya wengi: kwa nini 13 na si 6? Kwa ON_STARTUP, lango likijua kwamba kikoa cha mbali hakipo, linasimamisha huduma zote zilizoagizwa kutoka huko, na mwitaji anapata TPENOENT (6, yaani huduma haipo) papo hapo. Wewe unapata TPETIME kwa sababu lango bado linaamini njia ni nzima. Kwa hiyo usihangaike na RETRY_INTERVAL (muda kati ya majaribio ya kuunganisha). Majaribio ya kuunganisha upya hayaanzi mpaka muunganisho uhesabiwe umekatika.

Hizo sekunde 90 zirudishe 30. Zinachofanya ni kushikilia kufuli za hifadhidata muda mrefu zaidi kwa muamala ambao hautafika.

Tiba iko kwenye DMCONFIG (faili la mipangilio ya vikoa), sehemu ya *DM_TDOMAIN, kwenye mstari wa kikoa cha ndani:

`KEEPALIVE=300000`
`KEEPALIVEWAIT=20000`

Ya kwanza ni muda wa ukimya kabla lango halijatuma ujumbe wa kupima njia, ya pili ni muda wa kusubiri jibu lake. Zote ni milisekunde, na hapa ndipo watu hukosea wakidhani ni sekunde. Dakika 5 zinatosha iwapo ukuta unafuta baada ya dakika 30 au 60. Muulize anayeusimamia namba halisi, ubaki chini ya nusu yake. Weka pande zote mbili. Zima DMADM na GWADM (seva za utawala wa vikoa) na GWTDOMAIN, pakia kwa `dmloadcf -y`, kisha washa.

mlinda_seva
Asanteni sana. ss inaonyesha hivyohivyo, timer inapanda. Je, TCPKEEPALIVE=YES (keepalive ya kernel, badala ya ya lango) peke yake isingetosha?

nyaya_na_poti
Kwa mipangilio ya kawaida, hapana. Hiyo inafuata `tcp_keepalive_time` ya kernel, ambayo ni sekunde 7200. Ukuta utakuwa umeshafuta zamani. Ukiishusha kwa sysctl hadi 600 itafanya kazi, lakini unabadilisha kila programu ya mashine hiyo inayotumia keepalive ya kernel. KEEPALIVE ya lango inabaki kwenye lango.

kikoa_cha_pili
Kabla hujafunga kazi, angalia miamala iliyobaki njiani. Muunganisho ukikatika kabla ya awamu ya kwanza (ambapo kila upande huulizwa kama uko tayari kuthibitisha), muamala unarudishwa nyuma na hakuna madhara. Hatari ni pale B imekwisha kujibu kwamba iko tayari, halafu uamuzi wa A ukakwama njiani: B inashikilia kufuli mpaka njia irudi. Endesha `pt` (orodha ya miamala) ndani ya tmadmin pande zote. Usiamue kwa mkono upande wa B bila kwanza kuona A iliamua nini; A ikiwa imethibitisha na wewe ukafuta B, data za pande mbili zinaachana na hakuna amri ya kuzipatanisha.

Hakikisha pia DMTLOGDEV (mahali pa logi ya miamala ya vikoa) imetajwa kwa kila kikoa cha ndani. Bila logi hiyo lango halikubali kabisa maombi yaliyo ndani ya muamala.