Majirani Buhongwa, Mwanza: wa kumi na saba

Jumapili, saa 12:40 jioni

Mama Neema: Jamani nimefika nyumbani kutoka kwenye mashindano ya baiskeli. Miguu sijui ni ya nani, ila nimefika.

Mwalimu: Hongera sana Mama Neema! Tulikuona pale njia panda ya Usagara, tukapiga kelele mpaka koo likakauka, hata hukugeuka.

Mama Neema: Nigeuke nianguke? 😂 Nilikuwa natazama tairi la aliye mbele yangu tu. Ukiinua macho kidogo, umeshaachwa.

Mama Kulwa: Hongera jirani. Umekuwa wa ngapi?

Mama Neema: Wa tisa, tulikuwa kumi na wanne. Lakini wawili walipata pancha, mmoja mnyororo ulikatika, na mmoja alikutana na mume wake barabarani akaambiwa ashuke. Kwa hiyo usinisifu sana.

Mama Kulwa: Ashuke kwa nini???

Mama Neema: Bukta ya kubana. Mimi nilivaa yangu ndani, juu nikafunga khanga. Ilipofika Usagara upepo ukaichukua. Aliyeiokota barabarani anirudishie, ni doti ya harusi ya mdogo wangu.

Fundi wa Kona: Iko hapa kijiweni mama. Dereva wa bodaboda kaileta.

Mama Neema: Ubarikiwe.

Fundi wa Kona: Doto yuko wapi? Watu wanamuulizia hapa.

Doto: Shikamooni wakubwa. Nimelala.

Kulwa: Sakafuni. Anasema kitandani ni mbali. Nimemruka mara mbili.

Mwalimu: Marahaba Doto. Umekuwa wa ngapi?

Doto: Wa 17 mwalimu. Lakini waulizeni wote, mpaka tunageuza Misungwi nilikuwa naongoza mimi! Tatizo baiskeli. Wale wa mbele wana za mashindano, gia kama zote, tairi jembamba. Mimi na hii ya kuendea shamba ningefanya nini? Baba, ile habari yetu ya baiskeli…

Baba Kulwa: Habari hiyo ni ya sebuleni, siyo ya kikundi cha mtaa.

Fundi wa Kona: 😂😂

Mwalimu: Doto, nikuulize swali moja tu. Ulivyokuwa unaongoza, nyuma yako kulikuwa na nani?

Doto: Watu. Wengi tu. Hawakuweza kunipita.

Mwalimu: Hawakuweza, au hawakutaka?

Doto: Sijaelewa mwalimu.

Mwalimu: Mwanangu, kwenye barabara tambarare adui wa baiskeli siyo uzito, ni hewa. Ukishafika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu yako inaishia kusukuma upepo. Anayekaa mgongoni mwako, tairi lake likiwa karibu na lako, anaokoa robo ya kazi, pengine hata zaidi. Wewe umewapigia pasi barabara nzima, wao wakapita wamevaa nguo safi.

Kulwa: Yaani aliwapa lifti bure 😂

Mama Neema: Sisi wanawake tulipokezana. Huyu akae mbele dakika mbili, asogee pembeni, mwingine aingie. Tulikuwa tunapiga hata stori mpaka Misungwi. Vita vilianza wakati wa kurudi.

Doto: Mbona hamkuniambia?

Mama Neema: Ulipita kama umeiba. Nikuambie saa ngapi?

Mama Kulwa: Na mwulizeni alikula nini asubuhi.

Doto: Mama jamani.

Mama Kulwa: Chai ya rangi. Nikamfungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwenye mfuko, akayaacha mezani. Eti washiriki wengine watamcheka.

Mama Neema: Weee! Matobolwa ndiyo yaliyonifikisha mimi. Niliyaweka kwenye kipochi kiunoni, kila nikimaliza matuta ya kijiji kimoja natafuna kipande.

Mwalimu: Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini. Ukikazana kweli akiba hiyo ni ya saa moja na nusu, mbili. Ikiisha hata uwe na moyo wa simba, miguu inakataa. Unaanza kuona vimulimuli.

Doto: Niliviona kweli. Na kiu ndiyo usiseme. Chupa yangu iliruka kwenye zile rasta, tukiwa bado tunakwenda.

Fundi wa Kona: Rasta zipi? Si ulipita hapo wiki nzima ukifanya mazoezi?

Doto: Mazoezi nilikuwa naenda upande wa Mkolani. Kuna lami nzuri.

Kulwa: Na kuna mtu 👀

Doto: Kulwa!

Saa 1:25 usiku

Neema (Kigali): Nimesoma yote nikiwa kwenye basi, watu wananiangalia navyocheka. Mama hongera sana! Doto pole. Unajua Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipokuja hapa Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, nilikwenda kusimama Kimihurura, kile kipande cha barabara ya mawe kinachopanda. Shule zilifungwa wiki nzima, mji ukawa wa baiskeli tu.

Mama Neema: Ulinitumia picha. Sikuona baiskeli hata moja, migongo ya watu tu.

Neema (Kigali): Nilikuwa mfupi kuliko wote mama 😅 Ila nilichokiona ni hiki. Mzunguko wa kwanza wanapita kundi zima, unasikia matairi yanavuma kama nyuki, sekunde chache kimya. Saa zinavyokwenda kundi linapungua. Mwishoni wanapita mmojammoja, mdomo wazi, chumvi imeganda kwenye jezi. Wanaume waliendesha kilomita 267.5. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu.

Fundi wa Kona: Thelathini!

Doto: Kwa hiyo mimi wa 17 ningekuwa…

Kulwa: Ungekuwa kwenye gari na wale mia na thelathini.

Mwalimu: Na aliyeshinda, Pogačar, alimaliza peke yake. Zaidi ya kilomita 60 za mwisho hana mtu wa kumkinga upepo.

Doto: Si ndiyo nilichofanya mimi??

Mwalimu: Yeye aliwaacha, Doto. Wewe uliwabeba.

Fundi wa Kona: 😂😂😂 Mwalimu pole pole, mtoto bado yuko sakafuni.

Baba Kulwa: Baiskeli zao zina uzito gani fundi?

Fundi wa Kona: Sheria yao kimataifa haishuki chini ya kilo 6.8, mzee. Phoenix ya hapa na keria yake ni kama kilo 20 hivi.

Doto: MNAONA! Kilo 20. Baba umesoma?

Baba Kulwa: Nimesoma. Aliyekuwa wa 16 alikuwa na baiskeli gani?

Kulwa: …

Kulwa: Niseme?

Doto: Usiseme.

Kulwa: Phoenix. Nyeusi. Mzee mmoja amevaa katambuga na kofia ya pama, kaifunga kwa kamba kidevuni. Alikuwa nyuma ya Doto wakati wote wa kurudi. Nilikuwa kwenye bodaboda ya maji nikawaona. Zimebaki kama mita mia mbili, mzee kasimama kwenye pedali mara moja tu, kapita. Hata hakuhema.

Mama Kulwa: Mzee wa kofia ya pama? Phoenix nyeusi?

Fundi wa Kona: Mimi nilinyamaza makusudi. Ijumaa usiku alikuja nimfungulie keria. Nikamwuliza kesho utabebea nini maziwa? Akasema kesho na keshokutwa analeta mwanangu, mimi nipunguzie chuma kidogo.

Mama Neema: Mzee wa Maziwa!!! 😂😂😂

Mama Kulwa: Huyu anayetuletea sisi kila siku? Doto, ulipitwa na maziwa yako ya chai!

Doto: Mimi sikumtambua na ile kofia. Na kitu kibaya zaidi, tulipokuwa tunaanza nilimwambia babu kaa pembeni utagongwa.

Mwalimu: Akajibuje?

Doto: Akasema wabeja, yaani asante.

Saa 2:10 usiku

Mzee wa Maziwa: Hamjambo. Mimi ni mjukuu wake. Babu hana miwani, anasema niandike anavyosema.

Mama Kulwa: Hatujambo baba. Shikamoo yake, mwambie hongera sana!

Mzee wa Maziwa: Anasema marahaba wote. Anasema kijana ana miguu mizuri, asinunuliwe baiskeli kwanza.

Baba Kulwa: Huyo ndiye mtu.

Mzee wa Maziwa: Anasema yeye barabara ile anaipita kila alfajiri mwaka wa ishirini na sita huu, madumu mawili kwenye keria. Anasema asubuhi hewa imetulia, unakwenda Misungwi kama umesukumwa, unajiona bingwa. Ikifika saa nne jua limeshachoma nchi kavu, upepo unaanza kutoka ziwani. Ukirudi mjini unakupiga usoni. Kwa hiyo nguvu zinawekwa za kurudi. Babu anasema alipomwona kijana anakimbia vile asubuhi alijua huyu ndiye ukuta wangu wa kurudia.

Fundi wa Kona: UKUTA 😂😂😂

Doto: Nakubali. Nakubali yote.

Mzee wa Maziwa: Anasema na rasta, usikae kwenye siti. Nyanyuka kidogo, kunja magoti na viwiko, acha baiskeli ipite chini yako. Yeye alijifunza kwa sababu maziwa yalikuwa yanamwagika. Chupa yako aliikwepa, ingemwangusha.

Mama Neema: Mwulize mzee zawadi alipata nini?

Mzee wa Maziwa: Hakuna. Zawadi mwisho wa kumi. Walisema kila aliyemaliza atapewa fulana, zikaisha kwa wale waliokuwa wamekaa meza kuu. Anasema hakwenda kwa ajili ya fulana. Anasema alitaka kuona barabara ile inavyokuwa malori yakiwa yamesimamishwa na trafiki. Anasema ilikuwa kimya, aliwasikia ndege pale bondeni kwa mara ya kwanza.

Mama Neema: Hata mimi niliwasikia. Nikadhani ni njaa.

Mzee wa Maziwa: Babu anacheka. Sasa anamwuliza Doto, keshokutwa saa kumi na moja alfajiri anatoka na madumu. Kama anataka aje wakutane Usagara, akae nyuma yake. Safari hii kijana ndiye ale lifti. Ila kwenye kurudi dumu moja atabeba yeye.

Baba Kulwa: Atakuja.

Doto: Baba hata sijajibu.

Baba Kulwa: Umeshajibu.

Doto: Sawa babu, nitakuja. Kama nitakuwa nimeshasimama. Na unisamehe kwa ile ya kukaa pembeni.

Mzee wa Maziwa: Anasema ulikuwa sahihi, pembeni ndiko alikokaa. Anasema pia anamwuliza Mama Kulwa, kesho ni lita mbili kama kawaida?

Mama Kulwa: Tatu baba. Huyu hapa sakafuni anahitaji.