Mazingaombwe: kununua vifaa vipya, kuiga video, au kubaki na vikombe vitatu?

MikonoMyepesi_Moshi:
Habari za jioni wakuu. Nafanya mazingaombwe mwaka wa nne sasa hapa Moshi: kipaimara, mahafali ya shule, na Desemba watu wakirudi nyumbani ndiyo sipumui. Ila nimeishiwa. Mwezi uliopita pale Pasua mtoto wa miaka kama minane aliwatangazia wenzake mpira utatokea chini ya kikombe kipi, maana aliniona kwenye sherehe ya dada yake mwaka jana. Usiku ule sikulala.

Nina akiba ya laki mbili. Niagize vifaa vipya kutoka nje, niendelee kuiga video, au nibaki na vikombe vyangu vitatu nivisuke upya? Mliopitia njia hizi, ipi iliwapa mawazo yenu wenyewe?

Kofia_Sakina:
Mimi nilinunua sanduku kubwa la mazingaombwe na sikujuta. Ukumbi wa watu 300, vikombe hawavioni. Mwenye harusi anataka kitu kinachofika meza ya nyuma. Kazi zilimiminika. Ila niseme ukweli: mwaka haukuisha, wenzangu wawili hapa Arusha walikuwa na sanduku lilelile na maneno yaleyale. Kama unataka hela ya haraka, nunua. Ubunifu ulioulizia sikuupata humo.

FundiSaa_Kaloleni:
Kijana, usividharau vikombe. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliutaja mchezo huo karibu miaka 2,000 iliyopita, na bado unawahadaa watu macho.

Kuhusu vifaa, mimi ni fundi saa, kwa hiyo nampenda fundi saa mwenzangu, Robert-Houdin wa Ufaransa, aliyegeuka mwanamazingaombwe. Mwaka 1856 alipelekwa Algeria na sanduku dogo. Mwanamume mwenye nguvu zake analiinua bila shida, kisha akijaribu tena linamshinda. Chini kulikuwa na sumaku ya umeme, basi. Kazi aliyotumwa siipendi hata kidogo, maana Wafaransa walitaka kuwavunjia heshima viongozi wa dini wa pale. Lakini tazama ufundi: hakusema "sanduku limekuwa zito". Alimwambia yule bwana kwamba nguvu zake zimemtoka. Sumaku mtu yeyote angeweza kuinunua. Ile sentensi aliitunga mwenyewe.

MikonoMyepesi_Moshi:
Shikamoo mzee. Miaka minne nimekuwa nikisema "mpira uko hapa, sasa haupo". Kumbe ndiyo maana.

FundiSaa_Kaloleni:
Marahaba.

Dada_Karanga:
Video zinafundisha vidole, hazifundishi kichwa. Tazama mara mbili, zima simu.

Kilichonifungua mimi ni kujibana. Mtafute mwanamazingaombwe René Lavand wa Argentina (1928–2015). Alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9. Mbinu za karata zilikuwa za watu wa mikono miwili, ikambidi atunge za kwake kwa mkono wa kushoto. Niliposoma hilo nilifungia vifaa vyote kabatini, nikabaki na kitu kimoja mwezi mzima: punje za kahawa.

Bibi yangu alikuwa na kihamba, shamba la ukoo la kahawa. Basi vikombe vyangu ni vya bati, na mipira nimeitupa. Kikombe cha kwanza ni shamba, cha pili ni mizani, cha tatu ni nyumbani kwa bibi. Punje zinatoka shambani, zikifika kwenye mizani zinapungua, nyumbani hazifiki. Mara ya kwanza kuonyesha, wazee walicheka, halafu wakanyamaza kabisa, kila mmoja na lake moyoni. Mwisho nafunua kikombe cha bibi, kahawa inafurika mezani. Mama mmoja alilia. Mbinu ni ileile ya kila mtu, sijabuni hata moja.

MC_Njiro:
Naongeza la lugha, maana nasimama na hawa watu kila Jumamosi. Acheni maneno ya kizungu ya uganga. Ukumbi wa kanisa ukisikia hayo, nusu wanaanza kukemea. Sema mapema kwamba huu ni ufundi wa mikono.

Halafu tumieni kitendawili. Ukisema "Kitendawili!", ukumbi mzima unaitikia "Tega!", na mtu akiitikia anakutazama usoni. Mikono yako imepata nafasi bure. Wakishindwa, waombe mji. Wakati wanabishana wakupe Tanga au Mwanza, kazi imeshakwisha, na jibu unalifunua mezani badala ya kulitamka. Hakuna kifaa cha laki mbili kitakachokupa hilo.

Kofia_Sakina:
Hapo kwa kitendawili nimenyoosha mikono. Meza ya nyuma nayo inaitikia.

MikonoMyepesi_Moshi:
Asanteni sana. Hela inabaki benki. Dada, naomba ruhusa nijaribu hiyo ya kahawa, nitakutaja.

Dada_Karanga:
Hapana kaka, samahani, na sikunyimi kwa uchoyo. Ile ni ya bibi yangu. Ukiisema wewe itakuwa maneno tu. Kwenu walikuwa wanafanya nini?

MikonoMyepesi_Moshi:
Baba aliuza viatu vya mitumba pale Memorial. Sina hadithi hapo.

Dada_Karanga:
Hebu fikiri taratibu.

MikonoMyepesi_Moshi:
Kulikuwa na gunia nyuma ya meza yake, viatu vya mguu mmoja mmoja. Hakukubali kuvitupa. Kila akifungua robota jipya alikuwa anaanza kwanza na lile gunia, anavitafutia wenzake.