Mrejesho: ndege yangu ya pili ya rimoti
Wakuu, niliwauliza kama baada ya ndege ya kujifunzia yenye bawa la juu naweza kurukia P-51 Mustang, mfano wa ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili. Mlinizuia, nikasikia. Nilichukua ya povu, bawa la chini, chaneli nne (yaani vitu vinne vya kuongoza kwa rimoti). Kupunguza umbali wanaosogea aileroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia) na kuweka ekspo asilimia 30 (mpangilio wa rimoti unaofanya stiki isiwe kali karibu na katikati) kumenisaidia mno; siku ya kwanza iliruka imetulia kabisa. Ila hii ukiachia stiki hainyooki yenyewe kama ile ya mwanzo, na kulizoea hilo kumenila betri sita.

Kutua bado. Mara ya tatu nilikata nguvu mapema, ikalalia bawa moja, propela na mguu mmoja vikavunjika. Sasa naishusha na nguvu kidogo mpaka iguse nyasi, na inakubali. Mustang itasubiri. Asanteni sana.