Naombeni ushauri: programu za bure za kuhariri picha za kipaimara, laptopu ya RAM 4GB (Moshi)

Picha_za_Rau:
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, napiga picha za kipaimara, ubatizo na sendofu, zaidi huku Rau na Kiboriloni. Kamera yangu ni Canon 700D ya mtumba, laptopu ina RAM 4GB. Programu ya kuhariri niliyowekewa na fundi ilikuwa ya kukraki, siku hizi inafunguka inapojisikia. Kulipia kila mwezi siwezi, kazi hizi ni za msimu: Desemba watu wakisharudi nyumbani hulali, Februari unashinda kijiweni.

Nataka vitu vya bure na vya halali. Shida ziko mbili. Binti kavaa gauni jeupe, uso unatoka mweusi tii. Nikiuangaza, gauni linaungua na mlima nyuma unapotea. Pili, nikiwatumia wateja WhatsApp wanasema picha zina ukungu, wakati kwangu ziko safi kabisa.

Mtoto_wa_Pasua:
Mkuu njoo pm nikupe krak nyingine, hiyo haisumbui.

Dada_Sakina:
Kaka wa watu kasema halali, wewe unamrudisha kulekule alikotoka.

Picha_za_Rau, unapiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (picha iliyokwisha kubanwa)? Kama ni JPEG, hakuna programu itakayokuokoa, ya bure wala ya kulipia. JPEG inabeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya kamera yako ni ya biti 14, yaani ngazi 16,384. Uso na gauni vinapogombania mwanga, unachota humo.

Kwa hiyo weka RAW, halafu pima mwanga kwa kuangalia gauni. Uso uache na giza kidogo, utaupandisha ukifika nyumbani. Kilichoungua hakirudi, kilichoko gizani kinarudi, ingawa kitakuja na chenga kiasi. Huku Arusha nawaona vijana wengi wanafanya kinyume: wanapima uso, kisha wanakesha kutafuta nyuzi za shela ambazo kamera haikuzichukua.

Programu: darktable au RawTherapee. Zote ni bure, zote zinafungua CR2, yaani faili za RAW za kamera yako. Mimi ni wa darktable, kwa sababu ya kifaa chake cha Tone Equalizer: unapandisha sehemu za giza peke yake, nyeupe inabaki ilipo. Ila RAM 4GB ndiyo kiwango chake cha chini kabisa, wenyewe wanashauri 8.

Picha_za_Rau:
Nilikuwa napiga JPEG, dada. Kadi inajaa haraka nikiweka RAW.

Dada_Sakina:
Nunua kadi ya pili. RAW moja ya 700D inazidi MB 20, hilo halikwepeki.

Mzee_wa_Majengo:
Mimi nasafisha picha za watu, yaani nazitoa kwenye karatasi, niongezee. Wengi wakisikia "bure" wanakimbilia GIMP. GIMP ni chombo kizuri, kipo tangu miaka ya tisini, lakini RAW haifungui yenyewe. Inaikabidhi kwa darktable au RawTherapee, kama umeziweka. Basi mwanga na rangi malizia huko kwanza. GIMP iwe ya usafi wa mwisho: chunusi, uzi kwenye gauni, chupa ya soda iliyosahaulika mezani. Bonyeza H upate kifaa cha kuponya, shika Ctrl ubofye ngozi safi, kisha paka juu ya doa. Kovu la mtoto usiliguse, mama yake analijua na atakuuliza limeenda wapi.

Ukisevu ndani ya GIMP unapata faili la XCF, mteja hawezi kulifungua. Tumia Export As, chagua JPEG.

Na tafadhali, msiwaambie wateja walete za WhatsApp kusafisha A4. A4 nzuri inataka pikseli 3508 kwa 2480. Kamera yako inatoa 5184 kwa 3456, inatosha na kubaki.

Kibo_Bila_Mawingu:
Ukungu unatoka WhatsApp, inaibana picha ukiituma kama picha. Bofya klipu, chagua Document, ndipo utafute faili. Itafika kama ilivyo.

Ila fikiria bando la mteja. JPEG kubwa za kamera hiyo mia moja zinaweza kuzidi nusu GB. Toa nakala mbili: kubwa ya kusafisha, na ndogo ya simuni yenye pikseli 2048 upande mrefu, ubora 85. Hiyo ndogo bado inatosha posikadi ya inchi 6 kwa 4.

Mteja akiwa karibu, tumia LocalSend. Ni ya bure, muwe nayo wote wawili, mwashe hotspoti ya simu moja, faili zinapita bila kula bando.

Mama_Wawili:
Na mimi mzazi niseme. Kabla ya kumweka binti yangu kwenye ukurasa wako wa matangazo, niulize. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na ukipiga kwa simu halafu ukatuma kama dokumenti, mahali picha ilipopigwa panaweza kwenda nayo. Zima lokesheni kwenye kamera ya simu.

Picha_za_Rau:
Shikamoo Mzee wa Majengo, na asanteni wote. Mama, nitauliza.

Nimeweka RawTherapee, nikajaribu RAW za mpwa wangu. Uso umekuja na gauni lina mikunjo yake. Inakokota, lakini inafika. Tatizo mlima: nimetumia Haze Removal (kifaa cha kuondoa ukungu) umekuwa wa bluu kama plastiki.

Dada_Sakina:
Umeivuta mpaka mwisho. Irudishe chini kabisa kisha panda taratibu, ukiiona tu kazi yake, simama. Na usiibebeshe programu kazi ya saa: Kibo ipige asubuhi na mapema kabla watu hawajaingia ibadani. Mawingu yakishafunga hakuna cha kuondoa, huo si ukungu tena.

Halafu usihariri moja moja. Picha za sehemu moja, mwanga mmoja: nakili mpangilio wa ya kwanza, ubandike kwa nyingine zote, ziweke kwenye foleni ukale. Vifaili vya .pp3 vitakavyotokea pembeni usivifute, humo ndimo kazi yako ilimo.

Mzee_wa_Majengo:
Marahaba. Na RAM uongeze, hiyo ndiyo pesa pekee ya lazima, hiyo na kadi.

Picha_za_Rau:
Mzee, fundi anasema ya DDR3 anayo. Nichukue yoyote?

Mzee_wa_Majengo:
Fungua laptopu usome kibandiko cha RAM ya zamani kwanza. Ikiwa imeandikwa PC3L (DDR3 ya umeme mdogo), usikubali kupewa PC3 ya kawaida. Na ujaribu hapohapo dukani kabla hujatoa hela.