Hii brauza imeniita mwizi mbele ya mteja!!

Mzee wa Steshenari: Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Ile brauza, mnaijua, jina sitaji. Leo asubuhi kaja mama na binti yake kuomba chuo, siku ya mwisho. Vyeti mezani, namba ya NIDA mezani, hela mkononi. Nafungua tovuti, mara kioo kizima, pembetatu nyekundu: "Muunganisho wako si wa faragha. Huenda washambulizi wanajaribu kuiba taarifa zako."

Mama kasoma kwa sauti. Kanitazama. Kavikusanya vyeti kimoja kimoja, kavitia kwenye mkoba.

Washambulizi gani?! Cheti cha usalama cha ile tovuti, kile cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe, kimeisha muda usiku, basi! Na hilo wameliandika chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nani anaongea hivyo? Hata shetani angeomba mkalimani! Si waandike tu "Wenye tovuti hawajahuisha cheti, wapigie simu"? Wapi! "Kuiba taarifa zako", na aliyekaa kwenye kompyuta ni mimi!

Kimoja kimoja, wakuu. Sasa hivi mtaa mzima unajua mimi jambazi.

Kipanga: Rekebisha saa ya hiyo kompyuta, mzee, ikikosea hata cheti kizima kinaonekana kibovu. Bado iko 2009.

Mzee wa Steshenari: Saa iko sawa! Nimemwambia mama afungue kwa simu yake aone maneno yaleyale. Kagoma, eti nitaiba na simu!

fundi_seva: Bora wewe umetajiwa tarehe. Kuna SSL_ERROR_RX_RECORD_TOO_LONG, eti rekodi ni ndefu mno. Hakuna rekodi ndefu hapo! Seva, yaani kompyuta ya wenye tovuti, imejibu HTTP ya kawaida isiyofichwa kwenye poti 443, mlango wa mawasiliano yaliyofichwa. Watu wanakesha wakiitafuta hiyo rekodi.

Mjukuu: iPhone 4 yangu ilikatwa na tovuti kibao tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi, kile kinachodhamini vyeti vya tovuti, kilipokufa. Hakuna aliyeniambia kitu.

Kipanga: iPhone 4?? Pole, marehemu.

Dada Mpole: Yote tisa, kumi ni zile picha za kuthibitisha wewe si roboti, "chagua taa za barabarani". Taa zenyewe za Marekani, mtu yuko Nachingwea atazijulia wapi?

Kipanga: Na bando je? Natia la wiki, Jumatatu jioni limekata.

Mzee wa Steshenari: Wakuu, mada! Alivitia kwenye mkoba kimoja kimoja!

Mjukuu: Kipanga, unatia la bei gani?